Kigae chenye nusu ya nyuki

Tawi liliangukia paa usiku wa manane, upepo ukiwa mkali. Asubuhi nilipanda darini na tochi, na kabla sijaiwasha nikaona sina haja nayo. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka juu katika sehemu tatu, na mbao za dari zilikuwa zimelowa na kujaa vipande vyekundu. Nikavihesabu papo hapo, safu kwa safu. Vigae 31 vilikuwa vimevunjika au kupasuka, karibu vyote upande wa mbele, ule unaouona ukiingia getini.

Nyumba ni ya babu. Aliijenga mwenyewe, akamwachia mama, mama akaniachia mimi. Paa lake halijawahi kuezuliwa. Waliokuja kunipa pole karibu wote walinipa ushauri uleule: ezua lote, weka mabati, umalize kazi. Nawaelewa, kwa sababu kigae cha zamani kinasumbua na bati linapatikana leo hii. Lakini juu ya kichwa changu kulikuwa na vigae zaidi ya 2,000 vizima, vilivyokaa mvua na jua miaka yote hiyo bila kudai chochote. Sikuona kwa nini vyote vishushwe kwa ajili ya 31.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta 31. Kazi niliyodhani ya siku mbili ikachukua miezi minne, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliipoteza kwa kutojua ninachokitafuta. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeshika kipande cha kigae mkononi sasa hivi na hajui aanzie wapi.

Mimi nilianza kwa rangi. Nilichukua kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakipeleka kwa muuzaji wa vigae, naye akakiweka juu ya rundo lake. Rangi ilifanana. Umbo nalo lilionekana lilelile: kigae bapa chenye mifereji miwili mipana na ukingo pembeni. Nikanunua 40, nikalipa na usafiri, nikarudi nyumbani na furaha. Kijana aliyepanda kuvipanga alikaa juu nusu saa, kisha akaniita nipande ngazi nijionee. Kigae cha kwanza kilikaa vizuri. Cha pili kilikaa kwa kusukumwa. Cha tatu kiliinuka ubavu mmoja, na kati yake na jirani yake kidole kilipita. Alijaribu kuvibana, kimoja kikalia ta! mkononi mwake. Muuzaji hakukubali kuvirudisha, na kwa kweli sikuwa nimemwambia kipimo chochote.

Ndipo nikamtafuta fundi mzee, aliyeezeka kwa vigae tangu ujana wake. Alipofika hakupanda paa. Alikaa kwenye kibaraza, akaomba kigae kizima cha zamani na kimoja cha vile vipya, akavilaza juu ya mapaja yake kifudifudi, uso chini, mgongo juu. Akapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya pembeni ya kimoja, kisha ya kingine.

“Mwanangu,” akasema, “ulikipima au ulikitazama?”

Sikuwa na jibu. Akanionyesha kitu ambacho sijaacha kukiona tangu siku hiyo. Kigae cha aina hii kina uso ambao watu wanauona, na kina viungo ambavyo wenzake wanavijua. Ubavu wa kushoto una mfereji mdogo. Ubavu wa kulia una ukingo unaoshuka na kuingia kwenye mfereji wa jirani. Kichwani kuna mfereji mwingine unaopokea mkia wa kigae cha juu. Na kwa chini kuna pua mbili zinazong'ang'ania papi, ile mbao nyembamba inayobeba safu ya vigae, kisiteleze. Hayo yote yanafichika paa likishaezekwa. Yasipolingana, kufanana kwa uso hakusaidii kitu.

Tukapima pamoja, na hapa naomba uwe na subira, kwa sababu hili ndilo lililoniokoa. Urefu wa kigae changu kutoka kichwani hadi mkiani ni milimita 410, na upana milimita 243. Lakini fundi aliviandika vipimo hivyo pembeni ya karatasi, kama vitu vya kumbukumbu tu. Alichokitaka ni upana unaofunika, yaani sehemu inayobaki wazi kigae kikishamkalia mwenzake, na urefu unaofunika. Upana huo huwezi kuupata kwa kupima kigae kimoja, kwa sababu viungo vina nafasi ya kucheza. Tulipanga vigae kumi vizima chini, safu moja, vikiwa vimeshikana. Kwanza tukavisukuma vikabanana kabisa, tukapima. Kisha tukavivuta vikaachana hadi mwisho wa kiungo bila kufunguka, tukapima tena. Tukachukua wastani na kugawa. Upana unaofunika ukawa milimita 202. Vile 40 nilivyonunua vilitoa 209.

Milimita saba! Ni unene wa penseli. Ukiwa na kigae kimoja kilichovunjika, unaweza ukalazimisha. Lakini ukivipanga sita mfululizo, umekwisha kosea milimita 42, na cha mwisho hakina pa kukaa.

Urefu unaofunika haukuhitaji kigae hata kimoja, kwa sababu paa lenyewe limeuandika. Nilipanda darini nikapima kutoka ukingo wa juu wa papi moja hadi ukingo wa juu wa papi ya kumi na moja, yaani nafasi kumi, nikapata milimita 3,350. Kila safu basi ni 335. Kipimo hicho hakibadiliki isipokuwa ung'oe papi zote, kwa hiyo kigae chochote kisichoweza kukaa kwenye 335 si changu, hata kikiwa kizuri namna gani. Zidisha 335 kwa 202 na utaona kila mita moja ya mraba inachukua vigae karibu 15. Ukiambiwa vinavyoingia kwenye mita ya mraba ni kumi, au ni ishirini, jua umeonyeshwa kigae cha ukoo mwingine.

Namna ya kujua ukoo ni jambo la kwanza ambalo ningelifanya kama ningeanza upya, kabla hata ya futi. Vunja pembe ya kipande kilichokwisha kuvunjika utazame ndani. Udongo uliochomwa una rangi ileile, au inayokaribiana, kutoka uso hadi kiini. Wakati mwingine kiini kina weusi kidogo kwa sababu ya moto wa tanuri. Kigae cha saruji ndani ni kijivu chenye punje za mchanga, hata kama uso umepakwa rangi nyekundu. Kuna na vile vyembamba, bapa, vya kijivu, ambavyo ukingo wake uliovunjika unaonyesha nyuzinyuzi. Hivyo usivivunje zaidi, usivikate wala kuvikwangua, kwa maana huenda vina asbesto, na vumbi lake linaua mapafu polepole. Vilowanishe, viache, tafuta wenye kazi hiyo na kipimo cha maabara.

Kisha umbo. Kuna vigae bapa vidogo visivyo na mfereji wowote, vinavyokaliana kwa kupandana tu; kwa hivyo mita moja ya mraba inakula karibu 60. Uingereza waliviwekea kipimo kwa sheria mwaka 1477, wakati wa mfalme Edward IV: inchi kumi na nusu kwa inchi sita na robo, unene wa zaidi kidogo ya nusu inchi. Ndiyo maana huko kigae bapa cha karne nyingi zilizopita kinaweza kupata mwenzake bila taabu kubwa. Kuna vya mviringo kama bomba lililopasuliwa katikati, kimoja kikitazama juu na kingine kikifunika. Kuna vyenye mawimbi kama herufi S. Na kuna vya kuunganika kama vyangu.

Hivi vya kuunganika vina historia inayoeleza kwa nini nilitapeliwa na macho yangu mwenyewe. Vilianzishwa na ndugu wawili wa Gilardoni, mjini Altkirch huko Alsace, Ufaransa, waliopewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi wao, mwaka 1841. Wazo lao lilikuwa rahisi na kubwa: badala ya kutegemea kigae kumpanda mwenzake kwa nusu ya urefu wake, weka mifereji, maji yageuzwe pembeni na kurudishwa njiani. Paa likawa jepesi na vigae vichache. Wengine wakachukua wazo hilo. Viwanda vya Marseille, vilivyokuwa na udongo mzuri na bandari mlangoni, vilivipakia melini na kuvisambaza duniani. Mwaka 1865 wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda Mangalore, India, chini ya Georg Plebst, na baada yao wengine wengi wakajenga viwanda vyao katika eneo hilohilo. Kila kiwanda kilikuwa na kalibu zake, na kila udongo una namna yake ya kusinyaa. Kwa hiyo duniani kuna vigae vingi vyenye sura moja na viungo tofauti. Mtu akikwambia “hivi ni vya Marseille” amekutajia familia. Bado hajakutajia mtu. Na viko vilivyotengenezwa mbali kabisa na Ufaransa kwa umbo hilohilo, vikaitwa kwa jina hilohilo.

Jina la mtu liko mgongoni. Namaanisha chapa, muhuri uliobonyezwa kwenye udongo mbichi, ambao kwa kawaida uko upande usioonekana. Changu kilinisumbua, kwa sababu vipande vyote nilivyookota vilikuwa vimevunjika hapo hapo katikati, na vigae vizima nilivyoweza kuvifikia vilikuwa vimejaa ukungu mkavu na chokaa. Nikaviosha kwa maji na brashi laini ya nguo. Usitumie brashi ya waya. Usitumie asidi. Baada ya kukauka, bado macho hayakuona kitu zaidi ya vinundu.

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na daftari lake la shule. Nikamwomba karatasi moja. Nikailaza juu ya kipande, nikachukua penseli laini na kuilaza ubavu, nikasugua taratibu, kama watoto wanavyochora sarafu. Herufi zikaanza kutokea nyeupe ndani ya weusi: SEILLE. Chini yake, St AND, halafu ufa. Na juu, kitu kama jani lenye mishipa. Tukachukua kipande cha pili, karatasi ya pili. Jani jingine, likielekea upande wa pili, na katikati yake mwili mnene wenye pete. Yule mtoto ndiye aliyesema kwanza: “Shangazi, huyu ni nyuki.”

Nusu ya nyuki kwenye kipande kimoja, nusu kwenye kingine. Sitasahau furaha ya dakika ile. Nyuki ni alama ya kiwanda cha Guichard Carvin et Cie, cha Saint-André, Marseille, na vigae vyao vilifika mbali sana kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Jina la kiwanda halinipi kigae, kiwanda cha namna hiyo si kitu unachokiendea leo na orodha ya mahitaji. Lakini jina lilibadilisha maswali yangu. Badala ya kuuliza watu kama wana “vigae vyekundu vya zamani,” nilianza kuuliza kama wana vigae vyenye nyuki mgongoni. Swali la kwanza kila mtu hujibu ndiyo. La pili humfanya mtu aende akageuze kigae.

Niliandaa karatasi moja ya kumwonyesha au kumtumia kila ninayemuuliza. Picha ya uso, picha ya mgongo, picha ya kila ubavu ikiwa imepigwa usawa wa meza ili mfereji uonekane, picha ya kichwa. Rula imelazwa kando ya kigae katika kila picha. Chini nikaandika urefu, upana, 202 na 335, unene, na uzito wa kigae kikavu, kilo 2.7. Nikaongeza mchoro wa ukubwa halisi wa kiungo, niliouchora kwa kusimamisha kigae juu ya karatasi na kukizungushia penseli. Mchoro huo ulikuwa na thamani kuliko picha zote. Unaukata kwa mkasi, unabandika kwenye karatasi ngumu, unakuwa kipimo cha kutembea nacho. Ukikutana na rundo la vigae popote, unausogeza kwenye ubavu wa kigae cha kwanza, na ndani ya sekunde kumi unajua kama ubaki au uendelee na safari.

Sasa, pa kuvitafuta. Watu hukimbilia mbali. Mimi mwenyewe niliandika barua hadi nchi nyingine kabla ya kutazama nyuma ya nyumba yangu. Fundi mzee ndiye aliyeuliza kile kibanda cha nyuma, chenye bati, kiliezekwa kwa nini hapo kwanza. Sikujua. Tukakizunguka, tukafyeka magugu, na ukutani, vikiwa vimesimama kwa ubavu kama vitabu, vilikuwepo vigae. Babu, au fundi wake, alibadilisha paa la kibanda na hakutupa. Vingi vilikuwa vimeoza kwa unyevu wa chini, lakini 12 vilikuwa vizima, na vyote vina nyuki.

Tafuta kwako kwanza: darini, chini ya ngazi, nyuma ya tangi, ukingo wa bustani ambako mtu alivipanga kuzuia udongo. Kisha tazama paa lenyewe kwa jicho jingine. Upande wa nyuma ambao hauonekani ni akiba. Unaweza kutoa vigae vya zamani huko, ukavileta mbele palipoharibika, na nyuma ukaezeka eneo moja zima, kutoka kilele hadi ukingoni, kwa vigae vipya vya aina moja. Vipya havitachanganyika na vya zamani isipokuwa kwenye mpaka mmoja, ambao fundi anaweza kuushughulikia vizuri. Kama ningekosa kabisa, hiyo ndiyo njia ambayo ningeifuata. Hata vile 40 nilivyokosea kununua vingepata kazi.

Baada ya kwako, nyumba za rika moja na yako. Meli iliyoleta shehena haikuleta kwa nyumba moja. Nilitembea nikitazama mapaa, na kila lililofanana nikagonga mlango. Wengine walinishangaa, wengi walifurahi kuulizwa. Katika nyumba ya nne nikaambiwa kuna jengo la zamani linabomolewa, na vigae vimerundikwa uani vikisubiri lori la kifusi. Nikaenda siku ileile. Ukisikia habari ya ubomoaji usiseme kesho. Nikamwomba msimamizi ruhusa, nikamlipa alichotaka, nikaanza kuchagua.

Hapo nilifanya kazi ya saa tano ambayo naikumbuka kwa mikono. Rundo lilikuwa na vigae kama 200. Nilichofanya kwanza ni kugeuza kila kimoja na kutazama mgongo. Kulikuwa na chapa mbili. Nyuki, na nyingine ambayo ilikuwa maandishi matupu. Kwa uso huwezi kuvitenganisha, jua lilikuwa limevipiga pamoja na kuvu zilezile zilikuwa zimeviotea. Nilipoweka ile karatasi yangu ngumu kwenye ubavu, vyenye maandishi vilipishana nayo kwa unene wa kucha. Fundi aliyeezeka jengo lile alikuwa ameweka aina moja upande mmoja na nyingine upande wa pili, bila kuvichanganya, na mbomoaji akavichanganya asubuhi moja.

Vilivyobaki nikavigonga. Kishike kigae kwa vidole viwili kichwani, kiache kining'inie, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele ndogo, sauti inabaki hewani kidogo. Chenye ufa, hata ufa usiouona, kinalia du, sauti inakufa papo hapo. Baada ya kugonga ishirini sikio linakuwa na uhakika kuliko jicho. Halafu natazama pua zote mbili, maana kigae kisicho na pua kitateleza. Natazama uso kama unabanduka magamba; hiyo ni dalili kwamba maji na chumvi vimekwisha kuingia ndani, na hakuna dawa. Kuvu na ukungu wa juu havinitishi. Niliondoka na 45.

Nyumbani nikavijaribu kwa maji. Chukua vichache, vikaushe vizuri kabisa, vipime uzito. Vizamishe majini saa 24. Vitoe, vifute kwa kitambaa chenye unyevu, vipime tena. Tofauti igawe kwa uzito mkavu. Kigae kizuri cha paa langu kilitoka gramu 2,700 kikafika 2,990, kimekunywa karibu asilimia 11. Vya rundo lile vingi vilikuwa hapohapo. Lakini kulikuwa na kundi la rangi iliyopauka kidogo, na kimoja chake kilitoka 2,650 hadi 3,120, karibu asilimia 18. Vilikaa mahali pabaya tanurini, havikuiva. Kigae kinachokunywa kiasi hicho kinalowesha papi, na papi ikioza kigae hakina pa kushikilia tena. Nikavitoa vyote 11 vya kundi hilo. Vikabaki 34, na vile 12 vya kibandani, jumla 46. Nilihitaji 31.

Katikati ya miezi hiyo kuna mtu alinishauri nitengenezewe vipya kwa mfinyanzi. Linawezekana, na kwa vigae vya umbo la ajabu visivyopatikana popote ndiyo njia pekee. Ila ujue udongo unasinyaa ukikauka na unasinyaa tena ukichomwa, takriban moja ya kumi kwa jumla, kutegemea udongo. Ukitengeneza kalibu kwa kubonyeza kigae chako, kitakachotoka tanurini kitakuwa mtoto wa kigae chako. Kalibu lazima iwe kubwa kwa kiasi ambacho mfinyanzi amekipima kwenye udongo wake mwenyewe, na achome vya majaribio kwanza.

Kuhusu rangi nina neno moja tu. Iache. Rangi halisi ya kigae iko mgongoni, ile ya usoni ni jua na mvua na kuvu. Usipake chochote. Vyangu vilivyotoka kibandani vilikuwa vyekundu zaidi, kwa hiyo tulivitawanya, kimoja hapa kimoja pale. Tungeviweka pamoja lingekuwa kama kiraka kwenye kanzu.

Siku ya kuezeka fundi mzee alipanda mwenyewe, amejifunga kamba kiunoni na ngazi imelazwa juu ya paa ili asikanyage katikati ya vigae. Alikuwa na kabari mbili za mbao laini na mwiko. Anainua kidogo kigae cha juu kwa kabari, anainua cha kushoto kwa nyingine, anapenyeza mwiko chini ya kilichopasuka, anakisukuma juu pua ziachie papi, kisha anakivuta chini polepole. Kipya kinaingia kwa njia ileile kinyumenyume. Akifika mwisho anakipiga kofi dogo, na ukisikiliza vizuri utasikia viungo vikikaa: tik. Nilikuwa chini nikimpitishia kijana wake vigae kimoja kimoja, na nilisikia tik mara 31. Papi mbili tulizibadilisha pia, zilikuwa zimepasuliwa na tawi.

Vigae 15 vilivyobaki nimevisimamisha kwa ubavu darini juu ya mbao, na vipimo vyote nimeviandika kwa penseli kwenye pao lililo karibu na mlango wa dari, pamoja na ile karatasi ya nyuki.

Kilichobaki ni kofia mbili za kilele, vile vigae vinavyofunika mstari wa juu ambako pande mbili za paa zinakutana. Tawi lilizivunja nazo, na kwa sasa tumeziba kwa saruji, jambo ambalo silipendi. Sehemu zake nimezigandisha kwa gundi nikapata umbo zima: urefu milimita 405, mdomo wa chini una upana wa 240, mgongo wake si mviringo bali una pembe butu, na kwenye ncha moja kuna ukosi mnene wa milimita 45 unaofunika kofia inayofuata. Chapa iko kwa ndani, karibu na ukosi. Zile nyingi nilizoonyeshwa mpaka sasa zina ukosi wa 60, na mgongo wa mviringo.